Kiboko Kimepita

Asubuhi ile, kabla hatujapanda lori, mama alinikabidhi mkono wa mdogo wangu. Aliuchukua mkono wenyewe akauweka ndani ya wangu, kisha akavikunja vidole vyangu juu yake, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayefunga mzigo. Akaniambia kwa Kisukuma nisiuachie mpaka tutakaporudi pale mlangoni. Mdogo wangu alikuwa msichana wa miaka minne. Mimi nilikuwa na tisa. Halafu mama akapiga magoti, akamfunga njuga tatu kwenye kifundo cha mguu wa kulia. Zilikuwa njuga ndogo za chuma alizokuja nazo kutoka kwao, za kumsikilizia mtoto anapotembea.

Sikuwa nimezoea kumwona mama akiogopa. Nilikuwa nimemwona akimshika dume la ng'ombe kwa pembe na kumgeuza. Lakini kwao ni upande wa Songwa, kwenye mbuga kavu za Shinyanga, ambako wakati wa kiangazi maji huchimbuliwa kwenye mchanga wa mto na kutekwa kwa kata. Maji yasiyo na ng'ambo hakuyaamini. Baba alikuwa amemwomba mara kadhaa twende ziwani Jumapili moja, tuone ndege na wanyama wa majini, tule samaki wabichi, tupumzike na vumbi la mgodi. Kila mara mama alijibu kwamba ziwa halijamwalika. Jumapili ile alikubali, kwa sharti la mkono na njuga.

Inabidi nieleze pia kuhusu kiboko, maana bila hicho mengine hayaeleweki.

Baba alikuwa mnyapara katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, miaka ya hamsini. Nyuma ya mlango wetu palikuwa na msumari, na juu ya msumari ule alitundika kiboko chake. Alikirithi kwa mnyapara aliyemtangulia: kirefu kama mkono wa mtu mzima, cheusi, kimeng'aa sehemu ya kushikia. Hakuwahi kutuchapa nacho. Alikibana kwapani akienda kazini na kukirudisha msumarini akirudi. Kazini alikitumia kwa namna gani sikujua, na nyumbani hapakuwa na aliyeuliza.

Sisi watoto wa kambini tulikuwa na mchezo. Nyuma ya kinu cha kusagia mawe palikuwa na lundo kubwa la mchanga mweupe, na tulikatazwa kulipanda kwa sababu lilikuwa linaporomoka. Tulilipanda kila siku. Mmoja wetu aliwekwa kulinda, na akimwona baba anakuja, alipiga ukelele wa neno moja: "Kiboko!" Hapo kila mtu alikimbilia majanini. Sheria zilikuwa chache na kila mtoto alizijua. Msikimbie wawili wawili. Ulale kifudifudi. Usiitikie mwito wowote, hata ukiitwa na mzazi wako. Unabaki hapo mpaka mmoja wetu aseme, "Kimepita."

Mimi na mdogo wangu tulikuwa tunamkimbia baba yetu wenyewe, na hatukuona ajabu. Mdogo wangu alijifunza sheria zile kabla hajajua kufunga kifungo cha gauni. Siku alizovaa njuga alikuwa na ufundi wake: akilala majanini huzibana zote tatu ndani ya ngumi ili zisimsaliti.

Nyumbani tulisema Kisukuma. Kiswahili tulikiokota kambini, kwa watoto wa Wanyamwezi, Wahaya, Wajaluo na Wanyasa, na tulikiokota pamoja na kazi za pale: suluru, toroli, posho, zamu. Kiboko kwetu kilikuwa kile cha msumarini. Yule mnyama mkubwa wa majini tulikuwa tumesikia habari zake katika hadithi za mama, kwa jina lake la Kisukuma. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kwa Kiswahili wawili hao wana jina moja, wala kwamba kile cha msumarini kilikatwa kwenye ngozi ya yule.

Lori lilikuwa la mgodi. Lilikwenda Nkome, kando ya ziwa, Jumapili kuchukua samaki wakavu wa posho ya wafanyakazi, na baba alikuwa ameomba ruhusa tukae nyuma, juu ya magunia matupu. Njia nzima nilishika mkono ule. Ulilowa jasho, nikaubadilisha kwa kushika kifundo cha mkono, kisha nikarudi kwenye vidole. Mdogo wangu alilalamika kwamba namuumiza. Mama alitutazama tu. Kila lori liliporuka shimo, njuga zililia, na kila zilipolia mabega ya mama yalishuka kidogo.

Mwenyeji wetu Nkome alikuwa Mzinza aliyewahi kufanya kazi chini ya baba mgodini, akaacha na kurudi kwenye nyavu zake. Alikuja kutupokea ufukweni, suruali imekunjwa mpaka magotini, mikono ina magamba ya samaki. Alimpa baba shikamoo, baba akaitikia, kisha mwenyeji akamgeukia mama kwa utani wa Wazinza na Wasukuma, ambao haungoji mtu afahamiane na mwenzake.

"Shemeji, karibu. Msukuma akionyeshwa ziwa huuliza ng'ombe watanywea upande gani. Uliza tu, usione haya."

Mama alikuwa ametazama maji kwa muda wote ule. Akajibu kwa Kiswahili chake cha kukatakata, bila kugeuza shingo.

"Na Mzinza akionyeshwa ng'ombe huuliza mapezi yako wapi."

Yule bwana alicheka mpaka akashika ubavu wa mtumbwi. Baba naye alicheka, na mimi nikafikiri kwamba siku itakuwa njema.

Kwa saa mbili tatu ilikuwa njema kweli. Hatukuingia mtumbwini, mama alikataa, lakini mwenyeji alitutembeza kandokando ya maji. Tuliona minandi weusi wakianika mabawa yao juu ya miamba kama mtu aliyevua koti. Tuliona furukombe akishuka na kuondoka na samaki miguuni. Kenge mmoja alivuka mchanga mbele yetu bila haraka, ulimi nje. Mbali kidogo, mahali maji yalipogeuka rangi, palikuwa na kitu kama mawe manane, na mawe yale yakawa yanazama na kuibuka. Mdogo wangu aliyahesabu mara tatu na kila mara akapata hesabu tofauti. Mama alitutajia jina lao kwa Kisukuma, lile la hadithini, na alilitaja kwa sauti ya chini. Mwenyeji alisema tu, "Ndio wenyewe hao. Wenye ziwa." Baadaye nilielewa kwamba wavuvi wa pale hawakupenda kulitaja jina la mnyama yule bila sababu wakiwa karibu na maji. Siku nzima hatukulisikia neno lile midomoni mwao, mpaka lilipokuwa na sababu.

Adhuhuri mawingu yalifunika jua. Baba na mwenyeji walikwenda kwenye vichanja vya kukaushia samaki, juu kidogo ya ufuko, kuangalia magunia yanavyojazwa. Mama alichagua mahali pa kulia chakula. Alipita mitumbwi, akafika penye matete marefu kuliko mtu, na katikati ya matete yale akaona njia pana iliyokanyagwa vizuri, ikishuka kutoka upande wa mashamba mpaka majini. Ilikuwa na mifereji miwili iliyokwenda sambamba, na katikati yake ukanda wa nyasi fupi. Mama aliitazama kwa jicho la mtu aliyekulia zizini. Akaniambia kwamba ni njia ya ng'ombe na mkokoteni, kwamba hapa ndipo wenyeji wananyweshea, na kwamba ng'ombe hawashuki mahali penye mamba. Kwa hiyo ni salama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi kumsikia akisema neno hilo.

Akatandika kitenge mdomoni mwa njia ile, hatua chache kutoka majini. Akatoa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyoipika na karanga, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Tulikula. Mdogo wangu alitaka kwenda kuokota kombe za konokono ukingoni mwa matete, nikaenda naye, nimemshika. Mama alikuwa anaosha mikono kwa maji ya kibuyu kingine. Maji ya ziwa hakutaka hata kuyagusa.

Ndipo nikasikia ukelele kutoka kwenye vichanja. Ilikuwa sauti ya mwenyeji wetu, kali, ya mtu anayetumia pumzi yake yote. Alisema neno moja, akalirudia.

"Kiboko! Kiboko!"

Angesema neno la pili tungeelewa. Angesema kiboko anakuja, hata masikio yetu ya kambini yangejua kwamba fimbo haisemwi hivyo. Angepiga ukelele kwa Kizinza, tungeshtuka na kumkimbilia mama. Lakini alitupigia kwa Kiswahili kwa sababu sisi tulikuwa wageni na alitaka tuelewe, na kitu cha hatari hakimpi mtu nafasi ya kumaliza sentensi.

Niliuachia mkono wa mdogo wangu. Sikufikiri. Msikimbie wawili wawili. Mimi nilikwenda kushoto, yeye akaenda kulia, na tayari nilikuwa nimelala kifudifudi kati ya mashina ya matete, nikipumua matope, nilipoanza kujiuliza baba amefikaje huku na kiboko, ilhali nilikiona asubuhi kikiwa msumarini.

Mama alikuja kunitoa. Hakujua neno lile kwa maana yoyote zaidi ya ile ya mlangoni, lakini alikuwa amesimama, na kutoka pale aliposimama aliona matete ya juu yakitikisika na kulala. Alinishika kwa nyuma ya gauni akanikokota mpaka kwenye mitumbwi. Wakati huohuo baba na mwenyeji walifika wakikimbia. Mama alinigeuza, akaitazama mikono yangu yote miwili.

"Yuko wapi?"

Nilionyesha kidole. Ng'ambo ya njia, kwenye matete ya kulia.

Mama alijaza kifua ili aite. Mwenyeji wetu akanyoosha kiganja mbele ya uso wake, bila kumgusa. Alizungumza upesi na chini kwa chini, nami nikalazimika kumtafsiria mama. Alisema mnyama alikuwa amelala kichakani tangu alfajiri, na wanawake waliokwenda kupalilia viazi wamemgutusha. Anarudi majini. Akirudi majini hana ugomvi na mtu, ila na yule anayemkuta njiani. Mtoto akinyamaza atapitwa. Akiitwa, ataitika, au atainuka kumfuata mama yake, na kumfuata mama yake ni kuvuka njia.

"Shemeji, usiite," alisema. "Nakuomba."

Mama aliufunga mdomo. Nilisikia jinsi pumzi ile ilivyorudi ndani. Kisha akasema neno moja, kwa Kisukuma, karibu bila sauti, akimwambia baba: "Njuga."

Baba hakuelewa mara moja. Mimi nilielewa. Kitu alichomfunga mtoto asubuhi ili asikike, sasa alikuwa anakiomba kisisikike. Mama aliweka mikono yote miwili juu ya kichwa na kusimama hivyo.

Tuliona matete yakifunguka. Alitoka katika njia ile ile ambayo mama aliiita ya ng'ombe, na miguu yake iliingia katika mifereji miwili kama gurudumu linavyoingia katika alama yake. Sikujua kwamba kitu kizito namna ile kinaweza kwenda upesi hivyo. Ngozi yake ilikuwa na rangi ya kijivu iliyochanganyika na damu ya mzee, na mgongoni alikuwa na nyasi. Alipofika kwenye kitenge chetu alisimama.

Alisimama kwa muda ambao hata leo siwezi kuupima. Alinusa kibuyu cha maziwa. Aligeuza kichwa kulia, kuelekea matete aliyolala mdogo wangu, na masikio yake madogo yakazunguka. Karibu nami baba alikuwa anapumua kwa mdomo. Mkono wake wa kulia ulikwenda kwapani, mahali anapobana kiboko chake, ukakuta patupu, ukabaki pale.

Hapakuwa na mlio wowote kutoka matete yale.

Kisha mnyama alikanyaga kibuyu kikapasuka, akaenda zake majini, na maji yakamfunika mpaka puani.

Baba ndiye aliyekimbia wa kwanza. Alisimama mdomoni mwa njia akaita kwa Kiswahili, kwa sauti yake ya kazini, ambayo ndiyo sauti pekee ya juu aliyokuwa nayo. "Toka mwanangu! Amepita! Toka!" Hakuna kilichotikisika. Mwenyeji naye akaita, amepita, amepita. Mama akaita kwa Kisukuma, akimwita "mwanangu", akimwahidi maziwa, akimwahidi kumbeba mgongoni. Njuga hazikulia. Matete ya upande ule yalikuwa mapana kama uwanja, na penye mashina yake palikuwa na maji meusi yaliyotulia. Mwenyeji aliyatazama maji yale mara moja kisha akatazama kando, na niliona mama ameona alivyotazama kando. Baba alianza kupasua matete kwa mikono, akiita kwa nguvu zaidi, na kadiri alivyozidisha sauti ndivyo nilivyozidi kujua kwamba mdogo wangu hatatoka.

Niliogopa kusema. Kulisema lile neno mbele ya baba kulikuwa sawa na kumwonyesha lundo la mchanga, na mlinzi wetu, na majani yote tuliyojificha. Lakini mama alikuwa ameanza kuingia majini. Alikuwa na maji ya magotini, yeye ambaye hakutaka hata kunawa nayo, na alikuwa anapapasa chini kwa mikono.

Nilikwenda mpaka ukingoni mwa matete, nikasema, bila kupaza sauti, kama tulivyosema kambini:

"Kimepita."

Njuga zililia papo hapo. Zililia hatua nne tu kutoka pale baba aliposimama. Mdogo wangu alitoka akitambaa, uso umejaa matope, ngumi ya kulia sasa imefunguka nusu juu ya kifundo cha mguu. Alimwona baba, akarudi nyuma kidogo, akanitazama mimi. Akaniuliza kwa kunong'ona:

"Kimepita kweli?"

Mama alimnyanyua na hakumshusha tena mpaka nyumbani. Hakulia wala hakunipiga. Nilimsogelea nikasema, "Mayu, niliachia." Akajibu kwamba ameona.

Mwenyeji alitusindikiza mpaka kwenye lori, na utani wote ulikuwa umemtoka. Alimwambia baba kwamba ameishi pale tangu kuzaliwa na hajaona mtoto akinyamaza hivyo. Watoto wao, waliozaliwa na ziwa, wangepiga kelele. Aliuliza baba amewafundisha nini wanawe. Aliuliza kwa sifa. Baba alishukuru na kupanda.

Njiani, juu ya magunia yaliyonuka samaki, baba alikaa kinyume na kawaida yake, upande wetu badala ya karibu na dereva. Akaniuliza:

"Kimepita nini?"

Nilimtazama mama. Mama alikuwa ametazama barabara inayobaki nyuma. Basi nikamweleza baba yote kwa mpangilio, kama ninavyoeleza hapa: lundo la mchanga, mlinzi, ukelele, sheria, na neno la mwisho. Sikuacha kitu isipokuwa majina ya wenzangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu, kama na sisi, wanawe, tulikuwa tunalala majanini akipita. Nikasema ndiyo. Akauliza na huyu? Nikasema ndiyo, na ndiye hodari kuliko wote.

Mdogo wangu alikuwa amesinzia kifuani kwa mama, mguu unaning'inia. Baba aliunyoosha mkono akazishika njuga zile tatu ndani ya kiganja, na kila lori liliporuka, hazikulia. Alizishika hivyo mpaka tukafika.

Asubuhi ya Jumatatu alikwenda kazini na kiboko chake kama kawaida. Jioni alirudi bila. Hakueleza, na sikusikia kwamba mgodini walimwuliza; huenda walimwuliza. Mama alikaa siku kadhaa akiutazama msumari mtupu, halafu akatundika ungo wake pale. Tangu hapo akaanza tabia ambayo hakuiacha mpaka uzee wake. Kila aliposikia neno jipya la Kiswahili, alimgeukia baba na kumwuliza, kwa uzito wa mtu anayekagua kisima kabla ya kuteka, kama neno hilo lina maana nyingine ambayo hajaambiwa.